Mkulima Aliyekufa Mwezi wa Kupanda

Tarehe 20 Mei mwaka 2008, katika mji mdogo wa Windsor, jimbo la Nova Scotia, nchi ya Kanada, alikufa mkulima aitwaye Howard Dill. Alikuwa mtu wa miaka 73. Hakuwa waziri wala mwenye mali nyingi. Kazi iliyompa jina ilikuwa ni kulima maboga, au malenge kama wengi wetu tusemavyo. Lakini habari ya kifo chake ilipotoka, watu wa Marekani, Uingereza na nchi nyingine waliona kuwa wamefiwa, na wengi katika hao hawakupata kumwona kwa macho hata siku moja.

Labda wewe msomaji utauliza, "Kifo cha mzee wa malenge huko Kanada chanihusu nini mimi mwenye ekari mbili?" Swali hilo ni la haki, nami nitalijibu. Lakini nipe nafasi kwanza nikueleze watu hawa ni watu gani, maana desturi zao si za kila siku.

Wako watu ambao hulima maboga makubwa kwa kupenda tu. Baadhi yao ni wakulima hasa, lakini wengine ni mafundi, walimu na watu wa ofisini wenye kipande cha ardhi nyuma ya nyumba. Hawalimi kwa kuuza sokoni. Boga lenyewe hata halifai sana kuliwa, kwa kuwa nyama yake ni ya majimaji na nyuzi. Kila mwaka mwezi wa Septemba na Oktoba huyapeleka maboga yao mahali pa kupimia, yakiinuliwa kwa kamba na mashine kama ng'ombe aliyetumbukia shimoni, na mwenye boga zito kuliko yote ndiye mshindi. Boga likiwa na ufa uliopenya mpaka ndani, halihesabiwi, hata kama mwenyewe amelilinda miezi mitano. Nilipomsomea mke wangu habari hii aliniuliza neno moja tu: "Na halipikwi?" Nikamwambia halipikwi. Akarudi kwenye kazi yake.

Mwanzoni mwa karne ya 20 mtu wa Kanada aitwaye William Warnock alipata boga la ratili 403, yaani kilo 183 hivi, karibu sawa na magunia mawili ya mahindi ya kilo 90. Kwa zaidi ya miaka 70 hakutokea mtu wa kumshinda. Kisha mambo yakaanza kubadilika, na mtu aliyeyabadilisha kuliko wote ni huyu Dill. Tangu mwaka 1979 mpaka 1982 alikuwa bingwa wa dunia mara nne mfululizo, na boga lake la mwaka 1981 lilikuwa na ratili 493 na nusu, karibu kilo 224. Hayo ni magunia mawili na nusu. Mwaka 1996 ratili 1,000 zikapitwa. Mwaka 2012 Ron Wallace wa jimbo la Rhode Island huko Marekani akaleta boga la ratili 2,009, la kwanza duniani kupita ratili 2,000. Na mwezi wa Oktoba mwaka 2025 ndugu wawili pacha wa Uingereza, Ian na Stuart Paton, wakapima boga la kilo 1,278 na zaidi kidogo. Hayo sasa ni magunia kumi na manne katika boga moja!

Maboga haya makubwa ya siku hizi asili yake ni moja. Yametokana na mbegu aliyoitengeneza Dill, iitwayo Dill's Atlantic Giant. Basi unaona ya kuwa Dill mwenyewe alishindwa na watu wengi kabla hajafa, nao walimshinda kwa mbegu yake mwenyewe. Sijasoma popote kuwa jambo hilo lilimwudhi.

Aliitengenezaje? Hapa ndipo penye faida kwa mkulima wa kwetu, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Baba yake Dill alikuwa akilima maboga ya kupeleka kwenye maonyesho, na kijana akapata hamu kutoka kwake. Alianza na mbegu za zamani za aina iliyoitwa Mammoth. Kila mwaka alichagua boga bora, akaliunganisha na boga jingine bora, akapanda mbegu zilizopatikana, akachagua tena. Aliendelea hivyo miaka mingi, kwa jicho na kwa subira.

Mmea wa boga una maua ya namna mbili juu ya mmea mmoja. Ua la kiume lina shina refu na jembamba, na ndani yake mna unga wa manjano. Ua la kike utalitambua kwa kijiboga kidogo kilicho chini yake, mfano wa gololi. Maua haya hufunguka asubuhi mapema. Nyuki huingia katika ua la kiume, akajipaka unga, akaenda kuingia katika ua la kike, na boga likashika. Lakini nyuki haulizi ukoo. Ametoka kwenye malenge ya jirani yako, au malenge yaliyojiotea jalalani, akaja kwako na unga wa huko. Mara nyingi nimesikia mkulima akilalamika ofisini kuwa mbegu ya malenge aliyopewa na mama mkwe "imegeuka," na malenge yaliyotoka hayana utamu ule. Mbegu haikugeuka, Bwana. Ni nyuki waliofanya harusi bila kuwauliza wazee.

Dill na wenzake hufanya hivi. Jioni hutazama ua la kike ambalo litafunguka kesho. Utaona ncha yake imeanza kuwa manjano. Hulifunga mdomo kwa uzi au kwa kitambaa chepesi. Ua la kiume la mmea wanaoutaka hulifunga vilevile. Asubuhi, kabla jua halijawa kali, hulichuma lile la kiume, huondoa petali zake, hulifungua lile la kike, na kulipaka unga ndani kwa uangalifu. Kisha hulifunga tena ili nyuki asiingie na kuleta wageni. Boga likishika hutiwa alama, na mambo yote huandikwa: mama ni nani, baba ni nani, siku gani. Kazi hiyo yote haizidi dakika tano, na mtoto wa darasa la nne aweza kuifanya.

Baada ya hapo huacha boga moja tu juu ya mmea, na mengine huyaondoa yangali madogo, ili chakula chote kiende mahali pamoja. Mashina yanayotambaa hufukiwa udongo kwenye vifundo ili yatoe mizizi mingine. Katika siku zake za kukua sana boga la namna hiyo laweza kuongeza kilo 20 kwa siku moja. Mtu akilala na kuamka, boga limepata uzito wa mbuzi.

Sasa nirudi kwenye habari ya msiba.

Watu hawa, ingawa wametawanyika katika nchi mbalimbali, hujuana kwa mbegu. Mtu humwandikia mwenzake ambaye hajamwona, na ndani ya barua huweka bahasha nyingine tupu yenye jina lake mwenyewe na stempu zake. Mwenye mbegu hutia ndani mbegu mbili au tatu na kuirudisha. Hivyo ndivyo udugu wao unavyoanza. Na kila mbegu ina jina, nalo hutungwa kwa uzito wa boga ilimotoka pamoja na jina la mkulima. Mbegu za boga lile la Ron Wallace huitwa 2009 Wallace. Usidhani kuwa 2009 ni mwaka. Ni ratili, na boga lilipimwa mwaka 2012. Mimi nilikosea hapo niliposoma mara ya kwanza, nikaandika mwaka 2009 kwa wino katika daftari langu, ikanibidi kupiga mstari. Baada ya jina la mbegu hufuata majina ya wazazi wake, mama kwanza, kisha baba. Ni kama sisi tusemavyo fulani wa fulani, isipokuwa huko mama ndiye hutangulia.

Fikiri basi jambo hili lina maana gani mtu anapokufa. Kwetu mtu akifa tunasema alikuwa mwema, alipenda wageni, alisomesha watoto, na hayo ni maneno mazuri. Lakini mlima maboga akifa, mwenzake aweza kusema, "Nilipanda mbegu yake, ikanipa boga la ratili kadha wa kadha, na mbegu za boga hilo ninazo hapa." Ndiyo rambirambi yao. Jina la marehemu limo ndani ya kitabu cha ukoo wa boga, na mtu ambaye hajazaliwa leo atalisoma.

Tena Dill alikufa mwezi wa Mei. Katika nchi zile za baridi, mbegu za maboga huoteshwa ndani ya nyumba mwishoni mwa Aprili, na mwezi wa Mei miche hutolewa nje na kufunikwa isiuawe na baridi ya usiku. Kwa hiyo habari ya kifo iliwafikia wengi wao wakiwa na udongo mikononi, na miche waliyokuwa wakiitoa nje ilikuwa ni uzao wa mbegu ya marehemu. Hawakuwa na nafasi ya kukaa tu wakilia. Mche wa boga haungoji matanga. Walipanda, na mwezi wa Oktoba wakayapeleka maboga kupimwa. Jamaa yake waliendelea na shamba na kuuza mbegu. Na katika mashindano yao kuna tuzo iitwayo kwa jina la Howard Dill, ambayo haipewi boga zito kuliko yote, bali hupewa boga zuri kuliko yote kwa umbo na rangi. Napenda sana jambo hilo. Uzito una wenyewe kila mwaka, lakini uzuri wamempa mzee.

Mji wake wa Windsor nao haukosi vituko. Mwaka 1999, Dill angali hai, palianzishwa mashindano ya kupiga makasia ndani ya maboga yaliyokombwa, watu wakavuka ziwa la Pesaquid wameketi ndani ya boga kama ndani ya mtumbwi. Aliyebuni mchezo huo ni mtoto wake Dill. Lakini hayo ni ya kuchekesha tu, tuyaache.

Sasa nitajibu lile swali la ekari mbili.

Katika kata ya kwetu palikuwa na mama mzee mmoja ambaye sitamtaja jina. Alikuwa na maharagwe madogo, mekundu, yenye jicho jeupe. Mwaka ambao mvua ilikatika mapema, maharagwe ya watu wote yalikauka yakiwa na maua, lakini ya mama yule yalikwisha shika. Wote tulijua. Msimu wa kupanda ukikaribia, ungewaona kina mama wakipanda kilima kwenda kwake, kila mmoja na kikombe chake. Hakuuza. Alimpimia kila mtu kikombe kimoja na kumwambia, "Ukivuna, niwekee vikombe viwili." Wengine walirudisha, wengine walisahau, naye hakudai.

Mimi nilisomea ualimu kabla ya kuingia ofisi ya kilimo, na mpaka leo watu wa kwetu huniita Mwalimu. Siku moja nilimkuta mama huyo njiani, nikamwambia, "Nyanya, nataka kuja kwako niandike habari za maharagwe yako. Uliyapata wapi, unayawekaje, unayapanda lini."

Akanitazama, akacheka. "Mwalimu, maharagwe nayo yaandikwa?"

"Yaandikwa, Nyanya."

"Basi njoo baada ya siku ya soko. Njoo na sukari, mimi nitatoa maziwa."

Siku ya soko ikapita. Wiki ile tulikuwa na hesabu za mbolea ofisini. Wiki iliyofuata kulikuwa na mkutano. Nikasema mwezi ujao. Mwezi ujao nikasema likizo. Nilimwona mara mbili kanisani, na mara zote mbili yeye ndiye aliyekumbuka. "Mwalimu, sukari i wapi?" Nikacheka, naye akacheka.

Alikufa usiku mmoja mwezi wa Januari, bila kuugua kwa muda mrefu. Watu walikuja wengi sana, maana ni nani asiyekula kwa mkono wake? Matanga yakawa ya siku tano. Siku ya tatu chakula kikapungua. Kina mama waliokuwa jikoni, ambao wengi walikuwa wametoka kijiji cha mbali kwa upande wa wakwe, wakatazama juu ya meko, wakaona vibuyu vitatu vimezibwa kwa magunzi. Wakavishusha. Ndani mlikuwa na maharagwe yaliyochanganywa na jivu. Wakayapeta, wakayaosha, wakayapika pamoja na mahindi.

Siwezi kuwalaumu. Wageni walikuwa na njaa, na hakuna kibuyu kilichoandikwa "mbegu." Mimi nilikuwapo. Niliketi chini ya mti pamoja na wazee, nikaletewa sahani, nikala. Nakumbuka nilisema ni matamu. Mzee mmoja aliyekuwa karibu nami alikuwa akitafuna polepole, kisha akaacha kutafuna, akatazama ndani ya sahani yake. Alikuwa ameona lile jicho jeupe. Hakusema neno. Aliiweka sahani chini, na mimi nikafahamu, lakini yangu ilikuwa imekwisha.

Mwezi wa Machi mvua ilipokaribia, kina mama walipanda kilima kwa mazoea. Binti wa marehemu aliyebaki nyumbani akawaambia hana kitu. Ndipo maneno yakaanza. "Wewe si ulipewa mwaka jana?" "Nilipewa, nikavuna, nikala. Nilijua Nyanya anazo." "Na wewe?" "Mimi nami hivyo hivyo." Watu zaidi ya ishirini walikuwa wamepata mbegu ile kwa miaka mingi, na hakuna hata mmoja aliyeiweka. Kila mtu alikuwa ameweka mbegu yake ndani ya mama mzee.

Nimeandika katika ofisi hii hesabu za mbolea, za dawa ya ng'ombe, za majembe yaliyopotea, na barua nyingi zisizo na kazi. Kwa maharagwe yale sikuandika hata mstari mmoja. Ndiyo sababu niliposoma habari za Dill sikuweza kulala mapema.

Sikwambii ulime maboga ya magunia kumi na manne. Utapata hasara, na mke wako atakuuliza lile swali la mke wangu. Ninalokuomba ni hili: msimu huu, kabla hujasahau kama mimi, mfikirie mtu mmoja katika kijiji chako ambaye watu wote humwendea kwa mbegu. Aweza kuwa mzee wa mtama, au mama wa kunde, au wa viazi vitamu, au wa malenge ya kienyeji. Nenda kwake. Kama amesema ulete sukari, peleka sukari. Muulize mbegu imetoka kwa nani, naye aliyempa aliipata wapi. Muulize anaichaguaje: je, huchukua kutoka mmea ulio katikati ya shamba au wa ukingoni, hutazama ukubwa wa punje au wingi wa maganda? Muulize huivuna imekauka namna gani na huitia nini ndani ya kibuyu isiliwe na wadudu. Usimsahihishe. Andika kama asemavyo.

Kisha chukua kipande cha karatasi, uandike kwa penseli jina la mbegu, jina la mwenyewe, na mwaka. Penseli, si kalamu ya wino, maana wino hufifia. Kipande kimoja kiwe ndani ya chombo pamoja na mbegu, na kingine kiwe nje palipo wazi, kiseme MBEGU, ili hata mgeni wa matangani akisome. Na mbegu isikae katika nyumba moja. Nyumba mbili ni afadhali, na nyumba tatu ni afadhali zaidi. Maharagwe ni rahisi kuyahifadhi kwa njia hii, kwa sababu ua lake mara nyingi hujichavusha lenyewe na mtoto hufanana na mzazi. Malenge, kama nilivyoeleza, sharti yafungwe maua, la sivyo utahifadhi jina bila mbegu yake. Tena huko Muguga, karibu na Kikuyu, serikali ilianzisha mwaka 1988 benki ya kuhifadhi mbegu za mimea ya nchi yetu, nazo huwekwa katika baridi kali ili zidumu miaka mingi. Muulize Bwana Shamba au Bibi Shamba wa kata yako namna ya kupeleka mbegu yako huko. Lakini usipeleke yote ukabaki mikono mitupu. Mbegu iliyo shambani hujifunza mvua za mahali pake.

Kuna jambo moja limebaki. Mama yule alikuwa na binti mwingine aliyeolewa mbali, upande wa nyanda za chini, ambaye alichelewa kufika mazishini. Mwaka jana alikuja kutazama kaburi la mama yake, akapita ofisini kwangu kwa shauri la hati ya shamba. Tulipokuwa tukizungumza nilimweleza habari za vibuyu. Alinyamaza kitambo, kisha akasema kwamba alipoolewa mama yake alimpa mbegu, naye huzipanda, lakini huko kwao watu huzichanganya na aina nyingine, na sasa hajui ipi ni ipi.

Baada ya majuma matatu nililetewa bati la majani ya chai na dereva wa matatu. Ndani mlikuwa na maharagwe ya rangi tatu. Mimi na mke wangu tuliyamwaga juu ya meza usiku, tukachambua kwa taa. Yenye wekundu na jicho jeupe tulipata 41. Nyingine kati ya hizo zilikuwa kubwa mno, nikawa na shaka nazo, nikazitia katika karatasi yake peke yake.

Nimezipanda nyuma ya nyumba, mistari miwili, na nimeweka kibao chenye jina la mama mzee na la binti yake. Zimeota 36. Yule mzee aliyeweka sahani chini siku ile huja kila Jumapili baada ya kanisa, akasimama na fimbo yake, akatazama. Anasema maharagwe yale ya marehemu yalikuwa na ua jeupe lenye mdomo wa zambarau. Mpaka jana nilipokuwa nikimaliza kuandika makala hii, yalikuwa na majani tu.